Ukuta wako ni wa betoni kweli? Mambo ya kujua kabla ya kutundika kitu kizito katika garaji



Leo tuongee juu ya ukuta. Katika parseli nyingi za kwetu, garaji si fasi ya gari tena. Imekuwa depo, atelye, fasi ya kuchaji telefone, ao sekretaria ya kuprinti TFC za wanafunzi. Kijana amemaliza masomo, kazi ya ofisi haijaonekana, mzazi anamwambia: "Chukua garaji ile, ujaribu kitu." Anakusanya pesa, ananunua batri mbili, konvertiseri, printa, labda kompresa ndogo. Kisha anaangalia sakafu, anaona fasi ni ndogo. Wazo la kwanza linalokuja ni moja: "Tutapandisha vitu kwenye ukuta."

Wazo si baya. Shida ni kwamba wengi wanapandisha kwa kuamini visi. Wanaenda kenkayeri, wanaomba visi kubwa na shevi kubwa, wanatoboa, wanakaza, wanatundika. Siku ya kwanza inasimama. Mwezi wa kwanza inasimama. Kisha siku moja usiku, etajeri inashuka na kila kitu kilichokuwa juu yake. Kama hakuna mtu chini, unapoteza mtaji. Kama mtoto alikuwa anacheza pale, unapoteza kitu ambacho pesa haiwezi kurudisha.

Neno kubwa la makala hii ni hili: kinachobeba mzigo si visi. Kinachobeba ni ukuta wenyewe, na umbali kati ya mzigo na ukuta. Ukielewa mambo haya mawili, mengine yote yanakuwa mepesi.

1. Jua ukuta wako ni wa nini

Watu wanasema "garaji yangu ni ya betoni" juu imepakwa simenti na iko ngumu ukiigonga kwa mkono. Lakini simenti ya juu ni nguo tu. Chini ya nguo kunaweza kuwa mwili wa namna nne.

Ya kwanza ni betoni ya kweli: simenti, mchanga, kokoto na vyuma ndani. Katika nyumba zetu betoni ya namna hii mara nyingi haiko kwenye ukuta wote. Iko kwenye nguzo za pembeni, kwenye kizingiti cha juu ya mlango, na kwenye shenaji, yaani ule mkanda wa betoni unaozunguka nyumba juu ya kuta.

Ya pili ni bloke za simenti. Nyingi ziko na matundu makubwa katikati. Ukuta wa bloke ya sentimita 15 unaonekana mnene, lakini sehemu ngumu ya mbele inaweza kuwa ya sentimita 3 tu. Nyuma yake ni hewa.

Ya tatu ni matofali ya kuchoma, yale yanayochomwa kwa kuni za mikaratusi milimani kwetu. Haya hayafanani. Lile lililokaa karibu na moto ni gumu kabisa, lile lililokaa pembeni ya tanuru linaweza kusagika kwa ukucha. Yote mawili yanaweza kuwa katika ukuta mmoja.

Ya nne ni matofali mabichi ya udongo, yaliyopakwa simenti nje. Hii iko mingi kuliko watu wanavyokubali. Rangi ni nzuri, ukuta umenyooka, lakini ndani ni udongo mtupu.

Namna gani utajua? Chukua perseze na meshi ndogo ya milimita 6, chagua fasi isiyoonekana, toboa pole pole na uangalie vumbi. Vumbi la kwanza litakuwa la simenti ya juu, lisikudanganye. Endelea. Kama vumbi linabaki la kijivu na meshi inaenda kwa shida mpaka mwisho, uko kwenye betoni. Kama vumbi ni la kijivu, kisha kwa gafla meshi inaruka mbele na hakuna kitu, uko kwenye bloke yenye matundu. Kama vumbi ni jekundu, ni tofali la kuchoma. Kama vumbi ni la kahawia, laini, na meshi inaingia kama kwenye muhogo uliopikwa, simama hapo: huo ni udongo.

Tundu hilo moja dogo, dakika mbili za kazi, ndiyo uchunguzi wa kwanza. Bila huo, kununua visi ni kubahatisha.

2. Mzigo unavuta kwa njia mbili

Tuseme umefunga etajeri kwenye ukuta kwa mikono miwili ya chuma, ile yenye umbo la L. Mzigo unafanya mambo mawili kwa wakati mmoja. Kwanza unasukuma visi kwenda chini, kama unataka kuikata. Pili unataka kupindua etajeri mbele, na hapo visi za juu zinavutwa kutoka ndani ya ukuta.

Kukatwa si hatari kubwa sana, juu chuma ni kigumu. Hatari ni kung'olewa, na watu wengi hawaihesabu.

Tufanye hesabu, ni ile ya mutambo wa mwenzo tuliyojifunza sekondari. Batri moja ya risasi ya volti 12 na ampea-saa 200 iko na uzito wa karibu kilo 60. Batri mbili ni kilo 120. Tuseme etajeri ina upana wa sentimita 40 kutoka ukutani, kwa hiyo katikati ya uzito iko kwenye sentimita 20. Mkono wa chuma uko na urefu wa sentimita 30 kwenye ukuta, kutoka visi ya juu mpaka pale chuma kinapoegemea chini.

Nguvu ya kung'oa ni: 120 × 20 ÷ 30 = kilo 80. Visi mbili za juu zinagawana, kila moja kilo 40.

Sasa chukua mkono mufupi wa sentimita 10, ule wa bei rahisi. Batri ni zile zile, ukuta ni ule ule: 120 × 20 ÷ 10 = kilo 240. Kila visi ya juu inavutwa kwa kilo 120. Mzigo haukuongezeka hata gramu moja, lakini nguvu ya kung'oa imekuwa mara tatu.

Na ukisukuma batri zikae mbele kwenye ukingo, sentimita 30 kutoka ukutani, hata ule mkono mzuri wa sentimita 30 unapata kilo 120 badala ya 80.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza: mkono wa chuma uwe murefu kwenye ukuta, na mzigo ukae karibu na ukuta. Hii inasaidia kuliko kununua visi nene.

Kanuni ya pili: usihesabu kwa kubana. Mafundi wa kazi hii huzidisha mara nne. Kama hesabu inasema visi itavutwa kwa kilo 40, tafuta mfungo unaoweza kilo 160. Ile ziada ni kwa ajili ya tofali bovu, tundu lililotoboka vibaya, na siku ile mtu atakapopanda juu ya etajeri bila kukuuliza.

3. Shevi inashika namna gani?

Ukikaza visi moja kwa moja ndani ya betoni, haishiki, juu betoni haikubali kukatwa kama mbao. Inahitaji kitu cha katikati kinachopanuka. Mwaka 1911 John Joseph Rawlings, mwenye kazi za ujenzi kule London, alitengeneza kipande cha nyuzi za jute cha kuingiza ndani ya tundu kabla ya visi. Mwaka 1958 Mujerumani Artur Fischer akaleta kile cha plastiki ya nailoni, ambacho ndicho babu wa shevi nyingi zinazouzwa sokoni leo.

Wazo ni moja: visi inapoingia, plastiki inapanuka, inabana kuta za tundu, na msuguano ndio unaozuia visi kutoka. Sasa fikiri: kama kuta za tundu ni udongo, inabana nini? Kama nyuma ni hewa, inapanukia wapi?

Buloni ya chuma ya kupanuka inatumia wazo hilo hilo kwa nguvu zaidi. Ni nzuri sana ndani ya betoni ya kweli. Lakini ndani ya tofali la kuchoma ao bloke yenye matundu inaweza kupasua kila kitu, juu inasukuma kwa nguvu kwenye kitu kisichoweza kuvumilia. Betoni yenyewe inavumilia sana kukandamizwa, lakini ikivutwa uwezo wake unashuka mpaka karibu sehemu moja ya kumi. Ndiyo maana buloni iliyozidiwa haitoki peke yake. Inatoka na kipande cha betoni chenye umbo la faneli.

Kutokana na hiyo, usitoboe karibu na ukingo wa nguzo ao karibu na tundu lingine. Kwa buloni ya milimita 10, acha angalau sentimita 10 kutoka ukingo, na sentimita 10 kati ya buloni na buloni. Ukiweza kuacha zaidi, acha.

4. Kila ukuta na dawa yake

Kwenye betoni ya kweli: tumia buloni ya kupanuka. Hakikisha inaingia sentimita 6 mpaka 8 ndani ya betoni yenyewe. Ile simenti ya juu haihesabiwi. Kama iko na sentimita 2 na buloni yako imeingia 5, basi umeshika 3 tu.

Kwenye tofali gumu la kuchoma: kwa mizigo ya kati, shevi ndefu ya nailoni inafaa. Toboa katikati ya tofali, si kwenye simenti ya kuunganisha.

Kwenye bloke yenye matundu: kwa kitu kizito sahau shevi ya kawaida. Kama upande wa pili wa ukuta unafikiwa, pitisha fimbo ya chuma yenye nyuzi kutoka upande huu mpaka ule, weka bamba la chuma nyuma, kisha rondela na ekru. Hapo mzigo hauvuti tena ngozi ya bloke, unavuta ukuta wote. Dawa nyingine ni kufungua bloke pale unapotaka kufunga, kujaza matundu yake kwa betoni, na kungoja. Betoni inahesabiwa kufikia nguvu yake baada ya siku 28. Kukaza buloni siku ya tatu ni kuharibu kazi yako mwenyewe.

Kwenye matofali mabichi: usitundike kitu kizito. Hakuna visi ya kutibu udongo. Hapa etajeri isimame kwa miguu yake.

Na dawa inayofaa kwa wote: tafuta nguzo ao shenaji. Bamba la mbao ngumu ao korniere ya chuma inaweza kufungwa kutoka nguzo moja mpaka nyingine, kisha vitu vyako vikashikwa juu ya hiyo. Kama nguzo ziko mbali, chuma kiwe kinene kisipinde katikati. Ukuta wa katikati haubebi kitu, nguzo ndizo zinazobeba, na ndiyo kazi zilizojengewa.

5. Kutoboa kwa akili

Zima umeme kwanza. Usitoboe juu kabisa ya prize ao interupteri, juu waya mara nyingi zinapanda ao kushuka hapo hapo ndani ya ukuta.

Vaa miwani ya kulinda macho na ufunge kinywa na pua kwa maski. Vumbi la betoni na la tofali lina chembe ndogo za silika, na zinaharibu mapafu pole pole. Fundi anayetoboa kila siku bila maski anakohoa akiwa bado kijana.

Kwenye betoni tumia perseze kwa mwendo wa kugonga. Kwenye tofali na bloke zima ule mwendo wa kugonga, toboa kwa kuzungusha tu. Kugonga kunavunja ngozi ya ndani ya bloke, na wewe kutoka nje huoni.

Meshi iwe na unene ule ulioandikwa kwenye shevi ao buloni. Mtu anayesema "tundu kubwa kidogo, tutajaza na karatasi" mrudishe nyumbani.

Ukifika kwenye chuma ndani ya nguzo, usilazimishe. Chuma kile kinashika nyumba. Sogea sentimita chache, na tundu la kwanza ulijaze simenti.

Kisha toa vumbi lote ndani ya tundu. Puliza kwa pompi ya kinga, sugua kwa brosi ndogo, puliza tena. Vumbi linafanya kama poda: linateleza. Mfungo mzuri ndani ya tundu chafu ni mfungo mbaya.

Mwisho, usitundike mzigo wote siku moja. Weka nusu, piga mstari wa kalamu kwenye ukuta sawa na ukingo wa chuma, ngoja mpaka kesho. Kama chuma kimeachana na mstari hata kidogo, ukuta umekujibu.

6. Kitu gani kisipande ukutani kabisa

Maji. Pipa la lita 200 ni kilo 200 bila kuhesabu pipa lenyewe. Tanki la lita 1,000 ni tani moja. Hivyo vinakaa juu ya msingi ao juu ya kiunzi chake chenye miguu, si juu ya mikono iliyofungwa ukutani.

Batri za risasi. Tumezitumia kwa hesabu hapo juu, lakini fasi yake nzuri ni chini, juu ya kiunzi kifupi cha mbao ao chuma chenye miguu. Si uzito tu. Batri za maji zinapochajiwa zinatoa hidrojeni, gesi inayowaka kwa cheche ndogo, kwa hiyo zinataka hewa ya kupita. Na ndani kuna asidi. Batri inayoanguka kutoka mita mbili inaweza kupasuka na kumwaga asidi hiyo. Konvertiseri, ambayo ni nyepesi, ndiyo ipande ukutani, lakini isikae moja kwa moja juu ya batri.

Batri mpya za lithiumu za kutundika, zile za kilowati-saa 5, nazo ziko na karibu kilo 45 ao 50. Zinakuja na bamba lake la kufunga. Bamba hilo limetengenezwa kwa ukuta mgumu. Kama wako ni wa udongo, zisimamishe chini kama kiwanda kinaruhusu, ao zitengenezewe kiunzi.

7. Tusisahau ardhi yetu

Sisi tunaishi pembeni ya Bonde la Ufa, na Ruwenzori iko karibu. Ardhi hii inatembea. Mwezi wa tatu mwaka 1966 tetemeko kubwa lilipiga eneo la Toro ngambo ya Uganda na upande wa Beni, likaua watu zaidi ya mia moja. Tarehe 3 Februari 2008 lingine lilipiga Bukavu na upande wa Rwanda, watu wakafa, na wengine wakaangukiwa na kuta wakiwa ndani ya kanisa.

Kwa hiyo hata etajeri inayosimama kwa miguu yake, ifunge juu kwenye ukuta kwa vyuma viwili. Hapo ukuta haubebi uzito, unazuia tu etajeri isipinduke. Hata ukuta wa matofali ya kawaida unaweza kazi hiyo. Weka vitu vizito chini na vyepesi juu. Na usiweke kitanda, meza ya mteja ao benchi ya kungojea chini ya mzigo uliotundikwa.

Kwa kumaliza

Wewe uliyesoma, ukoo unakuuliza mambo mengi ambayo hayakuwa kwenye kozi yako. Umesoma haki, uchumi ao udaktari wa wanyama, lakini mama mukubwa anakuita: "Njoo uangalie kama fundi anafanya vizuri." Huhitaji kuwa injenieri ili kusaidia. Uliza fundi maswali matano, kwa heshima:

Ukuta huu ni wa nini ndani? Mzigo wote ni kilo ngapi? Utakaa sentimita ngapi kutoka ukutani? Mkono wa chuma una urefu gani? Na kitu hiki hakiwezi kusimama chini?

Fundi mwenye kujua kazi atafurahia maswali hayo, na atakujibu. Fundi anayekasirika na kusema "mimi nimefanya kazi hii miaka ishirini" muombe kwa upole atoboe lile tundu dogo la milimita 6 mbele yako, muangalie vumbi pamoja. Vumbi halina diplome na halina miaka ya kazi, lakini litawaambia nyote wawili kama ukuta ule unaweza kubeba.

 Peaneni makala hii kwa ndugu anayefungua atelye ao depo mwezi huu, kabla hajanunua visi.